Mashine Isiyomjua Mgombea: India Inavyopiga Kura

Mwaka 2024 daftari la wapigakura la India lilikuwa na majina milioni 968, na waliojitokeza walikuwa kama milioni 642. Upigaji ulianza Aprili 19 ukaisha Juni 1, kwa awamu saba, katika vituo zaidi ya milioni moja. Hesabu ikafanywa siku moja tu, Juni 4, na hadi usiku picha nzima ilikuwa imejulikana. Kwa mtu aliyezoea mabishano ya seva na fomu zilizochelewa kufika kituo cha kujumlishia, swali la kwanza linakuja lenyewe: hawa wana mtandao gani?

Hawana. Mashine ya kura ya India haijaunganishwa na chochote nje ya chumba cha kituo. Haina laini ya simu, haina intaneti, haina hata waya wa kuchomeka ukutani. Inaendeshwa na betri yake, hivyo kijiji kisicho na umeme kinapiga kura sawasawa na Mumbai. La ajabu zaidi ni kwamba kisanduku kinachohifadhi kura hakimjui mgombea wala chama chake. Kinachojua ni kwamba kitufe namba 3 kimebonyezwa mara 214 na kitufe namba 7 mara 96, basi. Kwa akili yake ni kikokotoo cha dukani.

Kuna mambo mengi ya India yanayozungushwa mitandaoni kama maajabu, kuanzia harusi za siku tano hadi ng'ombe katikati ya barabara. Mimi naona hili linayazidi yote: nchi inayouza programu za kompyuta dunia nzima iliamua kwa makusudi kwamba kura yake ihesabiwe na chombo kijinga. Ujinga huo ndio ulinzi wake. Na ukiufuatilia hatua kwa hatua, utaona kwamba kelele nyingi hupigwa kuhusu mashine wakati hatari kubwa imekaa kwenye karatasi ya zamani kabisa, yaani daftari.

Vipande vitatu na waya mmoja

Seti moja ina vifaa vitatu. Cha kwanza ni kisanduku cha msimamizi, kinachokaa mezani kwa maofisa na kuhifadhi kura. Cha pili ni ubao wa vitufe, unaokaa nyuma ya kizuizi cha maboksi anakoingia mpigakura peke yake. Cha tatu ni printa yenye kidirisha cha kioo, iliyoongezwa miaka ya karibuni baada ya kesi na malalamiko mengi. Ubao unaungwa kwenye printa, printa inaungwa kwenye kisanduku kwa waya wa mita tano. Watengenezaji ni wawili tu, wote mashirika ya umma: ECIL la Hyderabad na BEL la Bengaluru.

Ubao mmoja una nafasi 16, na moja kati ya hizo ni ya kuwakataa wagombea wote. Wagombea wakizidi, mbao zinaungwa moja baada ya nyingine. Toleo la zamani lilikubali mbao nne, yaani nafasi 64. Toleo la sasa linakubali 24, yaani nafasi 384. Kisanduku kimoja kinaweza kubeba kura 2,000, lakini hakifikishwi huko, kwani kituo kilikuwa kikipangiwa watu wasiozidi 1,500, na mwaka 2025 kiwango hicho kikashushwa hadi 1,200.

Utaratibu wa ndani ya chumba uko hivi. Ofisa wa kwanza anatafuta jina kwenye nakala ya daftari na kulisoma kwa sauti. Sauti ni muhimu, maana mawakala wa vyama waliokaa nyuma yake ni watu wa mtaa uleule na wanajua nani kafariki na nani kahamia mjini. Ofisa wa pili anapaka wino kidoleni, kisha mpigakura anasaini au kuweka dole gumba kwenye rejista. Wino unatangulia saini kwa sababu: unapewa muda wa kukauka wakati mtu anaandika. Ofisa wa tatu anapokea kikaratasi alichopewa mpigakura, anakagua kidole mara ya pili, ndipo anabonyeza kitufe cha kuruhusu kura moja. Ubao unaamka. Mpigakura anabonyeza kitufe cha bluu mbele ya jina, picha na alama ya mgombea wake, taa nyekundu inawaka, na nyuma ya kioo kinatokea kikaratasi chenye namba, jina na alama. Kinakaa sekunde saba, kinakatwa, kinadondoka kwenye kisanduku kilichofungwa. Mlio unasikika chumba kizima. Ubao unalala tena, na hata ukibonyezwa mara mia hautapokea kitu mpaka ofisa aruhusu kura nyingine.

Ucheleweshaji huo una historia yake. Enzi ya karatasi, Bihar na baadhi ya maeneo ya kaskazini yalijulikana kwa uvamizi wa vituo. Kundi lenye silaha linaingia, linachukua vitabu vya karatasi, linagonga mihuri na kujaza sanduku kwa dakika chache. Mashine inapokea kura nne au tano kwa dakika. Kuiba kura 800 kunahitaji zaidi ya saa mbili na nusu za kukaa kituoni, na msimamizi akiwahi kubonyeza kitufe cha kufunga, hakuna kura nyingine itakayoingia. Mtekaji hakushindwa na teknolojia ya hali ya juu, alishindwa na mashine iliyokataa kukimbia.

Alfajiri kabla ya foleni

Dakika 90 kabla ya kufungua mlango, kunafanywa kura ya majaribio mbele ya mawakala. Angalau kura 50 zinapigwa, kila kitufe kikiguswa, kisha matokeo ya kisanduku yanalinganishwa na vikaratasi vya printa. Yakilingana, msimamizi anafunga, anasoma matokeo, anafuta. Hatua hizo tatu lazima zifuatane. Vikaratasi vya majaribio vinatolewa, vinagongwa muhuri nyuma na kufungwa kwenye bahasha nyeusi. Baada ya hapo kisanduku kinafungwa kwa karatasi maalumu za kijani zinazochapwa kiwanda cha serikali cha Nashik, na mawakala wanazitia saini pamoja na kuandika namba zake.

Hapa ndipo makosa ya kweli hutokea, na mengi ni ya usingizi. Msimamizi kaamka saa tisa usiku, pengine kalala sakafuni pa darasa la shule, anasahau kufuta kura za majaribio. Jioni kisanduku kinaonyesha kura 50 zaidi ya saini zilizomo kwenye rejista. Mwingine anafuta kisanduku lakini anaacha vikaratasi ndani ya printa, kwa hiyo hesabu ya karatasi inazidi ya mashine. Kituo cha namna hiyo kinawekwa kando siku ya kuhesabu. Ikiwa pengo kati ya mshindi na wa pili ni kubwa kuliko kura zote za kituo hicho, hakimsumbui mtu. Likiwa dogo, vikaratasi vyake vinahesabiwa kimoja kimoja.

Printa nayo ina maradhi yake. Mwezi Mei 2018, katika uchaguzi mdogo wa Kairana, Uttar Pradesh, printa nyingi ziligoma kwenye joto kali, na vituo 73 vikalazimika kurudia kura. Zilipochunguzwa ikaonekana kihisio kinachopima urefu na uwazi wa chapa kilisumbuliwa na mwanga mkali, na karatasi yenyewe ilivuta unyevu. Ndiyo maana maelekezo yanasisitiza printa isiwekwe karibu na dirisha wala chini ya balbu, na kihisio kikaongezewa kifuniko. Kosa jingine ni kitasa cha nyuma kinachofunga bunda la karatasi. Wakati wa kusafirisha kinalazwa, wakati wa kazi kinasimamishwa. Akisahau mtu kukisimamisha, printa inalalamika kabla kura ya kwanza haijapigwa.

Ikiharibika printa peke yake, inabadilishwa hiyo tu na kazi inaendelea. Kikiharibika kisanduku au ubao, seti nzima inaondolewa, na seti mpya inajaribiwa kwa kura moja kwa kila mgombea. Kura zilizokwisha kuingia kwenye kile cha kwanza hazipotei, vyote viwili vinahesabiwa.

Kuna malipo ya ajabu yaliyobaki kwenye kanuni za mwaka 1961. Wakala anayedai kwamba mtu aliyesimama mbele yao si yule anayejitaja anaweza kumpinga hapohapo, kwa kuweka rupia mbili taslimu mezani. Msimamizi anafanya uchunguzi mfupi. Mtu akionekana ni wa uongo anakabidhiwa polisi. Pingamizi likiwa la hila, rupia mbili zimekwenda. Na mtu akifika akakuta mwingine ameshapiga kura kwa jina lake, hatumii mashine. Anapewa karatasi ya kura, anaweka alama, inawekwa kwenye bahasha ya pekee, na haihesabiwi isipokuwa mahakama ikiihitaji.

Mwanzo uliofutwa na mahakama

Mashine ilijaribiwa mara ya kwanza Mei 1982 huko Parur, Kerala, kwenye uchaguzi wa bunge la Kerala, katika vituo 50. Sivan Pillai wa chama cha kikomunisti CPI alikuwa ameipinga mashine kabla ya siku ya kura. Akashinda kwa kura 123. Aliyeshindwa, A. C. Jose wa chama cha Congress, ndiye sasa akaenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikampa haki: sheria ilizungumzia karatasi na sanduku, na Tume ya Uchaguzi haiwezi kuleta chombo ambacho sheria haikitaji. Vituo 50 vikarudia kwa karatasi, na Jose akashinda. Sheria ilibadilishwa mwishoni mwa 1988, na nchi nzima haikupiga kura kwa mashine hadi 2004. Miaka 22 kutoka jaribio la kwanza. Wanaotaka mfumo mpya wa kura uanze uchaguzi ujao wangepaswa kuanzia hapo Parur.

Hoja kubwa ya Tume dhidi ya wizi wa kiwandani ni ya mpangilio. Orodha ya wagombea hupangwa baada ya watu kujitoa. Wanaanza wa vyama vinavyotambuliwa, kisha wa vyama vilivyosajiliwa tu, kisha wagombea binafsi, kila kundi kwa mpangilio wa herufi za lugha ya eneo. Mashine nazo zinagawiwa kwa bahati nasibu mara mbili mbele ya vyama, kwanza kwa jimbo, kisha kwa kituo. Fundi wa kiwandani hawezi kujua mgombea gani atakaa kitufe gani wapi.

Hoja hiyo ilikuwa imara zaidi kabla ya printa. Printa inalazimika kujua majina na alama ili izichape, na majina hayo yanapakiwa kwa kifaa maalumu siku chache kabla ya uchaguzi. Wakosoaji wenye ujuzi wanashika hapo, na nadhani wana haki ya kuuliza. Kifaa kilicholetwa kuongeza imani ndicho pekee kwenye mnyororo kinachomfahamu mgombea. Tangu 2019 vikaratasi vya vituo vitano vinavyochaguliwa kwa kura ya bahati katika kila jimbo la mabunge ya maeneo kama Kerala, ambalo ni kipande cha jimbo la bunge la taifa, vinalinganishwa na mashine. Aprili 2024 Mahakama ya Juu ilikataa ombi la kuhesabu vikaratasi vyote, lakini ikaagiza vifaa vya kupakia alama vifungwe na kuhifadhiwa siku 45, na mgombea wa pili au wa tatu aruhusiwe kuomba ukaguzi wa asilimia 5 ya mashine kwa gharama zake.

Kasoro inayonikera mimi ni nyingine, na haizungumzwi sana. Karatasi zilikuwa zikichanganywa kabla ya kuhesabiwa, ili isijulikane kijiji gani kilimpa nani. Mashine inasomwa moja moja, na matokeo ya kila kituo yanachapishwa. Kituo chenye watu 700 ni mtaa mmoja, mara nyingine ni kabila au tabaka moja. Mwanasiasa anafungua orodha na kuona kabisa nani wa kumnyima kisima. Tume ilipendekeza tangu 2008 kitumike kifaa cha kujumlisha mashine kadhaa pamoja kabla ya kusoma. Serikali haikukubali.

Kwa Afrika, Namibia ilinunua mashine hizi kutoka BEL na kuzitumia mwaka 2014. Bila printa. Februari 2020 Mahakama ya Juu ya Namibia ikasema kura isiyoacha karatasi haikidhi sheria, na chaguzi zilizofuata, ukiwemo ule wa 2024, zikarudi kwenye karatasi.

Wino wa Mysore

Kidole chenye wino hakihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kenya au Tanzania. Wa India unatoka kiwanda kimoja, Mysore Paints and Varnish, kilichoanzishwa na mfalme wa Mysore mwaka 1937 na sasa ni mali ya serikali ya Karnataka. Kimekuwa kikitengeneza wino huu tangu uchaguzi wa 1962. Kwa uchaguzi wa 2024 kilitoa chupa zaidi ya milioni 2.6. Chupa moja ya mililita 10 inatosha watu wapatao 700.

Kinachofanya kazi ni nitreti ya fedha. Ikigusa ngozi inakutana na chumvi ya jasho na kutengeneza kloridi ya fedha, ambayo maji na sabuni haviiyeyushi, na mwanga unaigeuza nyeusi. Kwa sababu hiyo chupa zake ni za rangi ya kahawia: wino ukipigwa na mwanga kabla ya kazi, umekwisha. Kwenye ngozi doa linatoka siku chache baadaye ngozi ya juu inapobanduka. Kwenye ukucha halitoki, linasubiri ukucha ukue na kukatwa, wiki kadhaa.

Tangu 2006 wino haupakwi kama nukta bali kama mstari, kutoka ncha ya juu ya ukucha wa kidole cha shahada cha kushoto hadi pingili ya kwanza. Ujanja wa wapigakura wa mara mbili ni kujipaka mafuta kidoleni kabla ya kufika, ili wino ukae juu ya mafuta usifikie ngozi. Ofisa ameagizwa akague na kukifuta kidole kwa kitambaa kwanza. Asiye na kidole cha shahada anapakwa kingine cha mkono huohuo, asiye na mkono wa kushoto anapakwa wa kulia, na asiye na vidole kabisa anapakwa ncha ya mkono uliobaki. Kanuni imeyaandika yote hayo.

Novemba 2016, serikali ilipofuta noti za rupia 500 na 1,000 ghafla, benki zilitumia wino huohuo ili mtu asirudi kubadilisha noti mara mbili. Tume ya Uchaguzi ikashtuka, maana chaguzi ndogo zilikuwa zinakaribia, ikaiandikia wizara ya fedha. Benki zikapaka kidole cha kulia.

Alama, ufagio na tembo

Uchaguzi wa kwanza, kati ya Oktoba 1951 na Februari 1952, ulikuwa na wapigakura kama milioni 173, na takriban asilimia 85 hawakujua kusoma. Kila mgombea akawa na sanduku lake lenye alama yake. Hukuandika kitu, ulidumbukiza karatasi kwenye sanduku la mtu wako. Masanduku ya chuma milioni mbili yalihitajika, tani 8,200 za chuma. Walioanza kupiga kura ni watu wa bonde la Chini huko Himachal Pradesh, mwishoni mwa Oktoba, kabla theluji haijafunga njia. Msimamizi wa yote alikuwa Sukumar Sen, mtu wa hisabati, ambaye mwaka 1953 alikwenda kusimamia uchaguzi wa kwanza wa Sudan.

Masanduku yaliondoka, alama zimebaki. Vyama vikubwa vina zao za kudumu: ua la yungiyungi, kiganja, ufagio, baiskeli. Wagombea binafsi wanachagua kwenye orodha ya alama huru, na orodha hiyo ni picha nzuri ya nyumba ya Kihindi: jiko la presha, kikata kucha, koliflawa, feni, kompyuta ndogo. Nyingi zilichorwa kwa penseli na M. S. Sethi, mchoraji wa Tume aliyestaafu 1992. Wanyama hawatolewi tena, kwa kuwa wagombea waliwatembeza mitaani wakiwa hai na kuwatesa. Tembo alibaki kwa kuwa alikuwa na wenyewe, chama cha BSP, isipokuwa Assam, ambako tembo ni wa chama kingine. Mwanzoni mwa 2012 Tume iliagiza sanamu za tembo zilizojengwa na serikali ya Mayawati, kiongozi wa BSP, kwenye bustani za Uttar Pradesh zifunikwe hadi uchaguzi upite. Zikafunikwa, kubwa na ndogo.

Picha za wagombea ziliongezwa ubaoni mwaka 2015, kwa sababu ya mchezo wa majina. Chama kinamtafuta mtu mwenye jina la mpinzani, kinamlipia dhamana, anagombea, anachukua kura za waliochanganyikiwa. Mahasamund, mwaka 2014, Chandu Lal Sahu alijikuta akipambana na kundi zima la akina Sahu wenye majina karibu sawa na lake. Alishinda kwa kura zisizofika 1,300.

Wingi wa wagombea umetumika pia kama mgomo. Modakurichi, Tamil Nadu, mwaka 1996, walijitokeza wagombea 1,033 kwa kiti kimoja, wengi wao wakulima wenye malalamiko, na karatasi ya kura ikawa kijitabu. Baada ya hapo dhamana ikapandishwa. Leo ni rupia 25,000 kwa bunge la taifa, na asiyepata moja ya sita ya kura halali harudishiwi.

Kupanda kwa dhamana hakukuwazuia wakulima wa kiungo cha manjano wa Nizamabad. Mwaka 2019 waliingia kwa makumi dhidi ya mbunge wao, binti wa waziri mkuu wa Telangana, wakidai bodi ya manjano na bei ya uhakika. Wagombea wakafika 185. Ikabidi mbao 12 ziungwe kwa kila kituo, zikapangwa kwa umbo la herufi L mezani, na mpigakura anatembea kando yake akitafuta alama yake. Mbunge huyo alishindwa na mgombea wa chama cha BJP aliyekuwa ameahidi bodi kwa maandishi kwenye karatasi ya kisheria. Bodi ilizinduliwa Januari 2025, makao yake Nizamabad.

Kitufe cha mwisho kabisa ubaoni ni cha kukataa wote. Kiliwekwa 2013 kwa amri ya Mahakama ya Juu. Hakina meno: hata kikiongoza, anayemfuata ndiye mshindi. Indore, mwaka 2024, mgombea wa Congress alijitoa dakika za mwisho, na chama chake kikawaomba watu wabonyeze kitufe hicho. Kura 218,674 ziliingia huko. Wa BJP alishinda kwa tofauti ya zaidi ya milioni moja.

Kilomita mbili, mtu mmoja

Kanuni inataka mpigakura asitembee zaidi ya kilomita mbili. Ndani ya msitu wa Gir, Gujarat, mahali panapoitwa Banej, kituo kimekuwa kikifunguliwa miaka nenda rudi kwa ajili ya mtunza hekalu mmoja, simba wakiwa jirani. Tashigang, Himachal Pradesh, kituo kiko mita zaidi ya 4,600 juu ya usawa wa bahari. Wanaoona huo ni ufujaji wamkumbuke C. P. Joshi, kiongozi wa Congress Rajasthan, aliyetajwa kuwa angeweza kuwa waziri mkuu wa eneo hilo. Mwaka 2008, Nathdwara, alipata kura 62,215. Mpinzani wake alipata 62,216.

Daftari

Rudi kwenye maandalizi ya uchaguzi ule wa kwanza. Maofisa walipopita nyumba kwa nyumba kaskazini mwa nchi, wanawake wengi waliandikishwa kama mke wa fulani au mama wa fulani, kwa kuwa kumtajia mwanamume mgeni jina lako ilikuwa aibu. Sisi tunaoishi na akina Mama Juma tunaelewa bila kuelezwa. Sukumar Sen aliagiza majina halisi yatafutwe. Yasipopatikana, mstari unafutwa. Wanawake karibu milioni 2.8 walifutwa. Alishutumiwa sana, lakini alishikilia kwamba jina likikosekana sasa, kelele ndizo zitakazoliandikisha safari ijayo. Mwaka 2019 na 2024 asilimia ya wanawake waliopiga kura iliizidi kidogo ile ya wanaume.

Kazi ya daftari inakwenda kwa fomu. Fomu 6 ya kujiandikisha, fomu 7 ya kupinga au kuondoa jina, fomu 8 ya kusahihisha au kuhama. Fomu 7 ndiyo ya kuangaliwa kwa macho mawili, maana mtu mwingine anaweza kuijaza dhidi yako. Na anayefika kituoni na kadi yake mkononi huku jina halimo kwenye nakala ya ofisa wa kwanza, anarudi nyumbani. Kwa mtu huyo mjadala wote wa mashine na vikaratasi haumhusu.

Katikati ya 2025 Bihar iliandikishwa upya nyumba kwa nyumba, miezi michache kabla ya uchaguzi. Orodha ya awali ya Agosti 1 ilikuwa imepungukiwa majina milioni 6.5, ikielezwa kwamba ni ya waliofariki, waliohama na walioandikwa mara mbili. Majina hayo hayakutangazwa mwanzoni. Mahakama ya Juu iliamuru yachapishwe pamoja na sababu ya kila moja, na baadaye ikaagiza kadi ya Aadhaar, ambayo karibu kila Mhindi anayo, iongezwe kwenye vitambulisho vinavyokubalika. Orodha ya mwisho ya Septemba 30 ilikuwa na watu kama milioni 74.2, kutoka milioni 78.9 kabla ya zoezi. Novemba likahamia maeneo mengine 12, Tamil Nadu na Uttar Pradesh yakiwemo.